Amana ya Mfasiri

Mfasiri ni mjumbe. Wahenga walisema kuwa mjumbe hauawi, lakini hawakusema kuwa mjumbe haulizwi. Achukuaye maneno ya mtu kutoka lugha moja kwenda lugha nyingine amepokea amana, na kila amana ina siku yake ya kudaiwa. Basi, ndugu msomaji, na tufikiri pamoja: afasiriye mashairi yanayomtaja Mungu, mbingu na imani anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Omar Khayyam alizaliwa Nishapur, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1048, akafa mwaka 1131. Alikuwa bingwa wa hesabu na elimu ya nyota. Beti za mistari minne minne zisemwazo kuwa ni zake, ingawa wataalamu hawakubaliani ni zipi hasa alizotunga, huuliza habari za maisha, mauti na majaliwa. Mwaka 1859 Mwingereza Edward FitzGerald alizitoa kwa Kiingereza katika kijitabu kisichotaja jina la mfasiri. Hakufuata neno kwa neno. Alichagua, akaunganisha, akapanga upya. Mwaka 1899 Edward Heron-Allen alichapisha kitabu kilicholinganisha tafsiri hiyo na asili yake, akaonyesha kuwa kiasi cha nusu tu ya beti ndizo zilizofuata kila moja ubeti mmoja wa Kiajemi. Hata hivyo uzuri wake ulienea duniani, na mwaka 1952 Shaaban Robert, mshairi Mwislamu wa Tanga, akauleta katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza hicho.

Divai hutajwa mara nyingi katika beti hizo. Mfaransa J. B. Nicolas, aliyezifasiri mwaka 1867, aliona kuwa divai hiyo ni mapenzi ya Mungu, kama wasemavyo Masufi. FitzGerald alikataa, kwake yeye divai ilikuwa divai. Mtunzi alikuwa kaburini zaidi ya miaka mia saba, wala hakuweza kujitetea. Huyu alimfanya walii, na yule alimfanya mwenye shaka.

Usidhani kuwa jambo hili ni la Uajemi na Ulaya tu. Chukua mfano wa Garbatulla, nchi kame ambako mvua ni uhai wa mifugo na wa watu. Katika lugha ya Waborana neno Waaqa ni jina la Mungu, na pia ni jina la mbingu tunayoiona juu yetu. Mgeni akikuuliza maana ya dua ya mvua aliyoiomba bibi yako, nawe ukamjibu kuwa bibi anaiomba mbingu, umefasiri neno lakini umemsingizia mtu. Mgeni atakwenda kwao aandike kuwa mama huyo mcha Mungu huabudu mawingu. Na ukimjibu kuwa anamwomba Mungu tu, usiseme zaidi, umelinda imani yake, lakini umeiondoa ile mbingu aliyokuwa akiitazama alipokuwa akiomba.

Watu wengine husema kuwa ushairi ukifungwa kamba ya uaminifu hufa, na kuwa heri tafsiri nzuri kuliko tafsiri kweli. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana bila ya uhuru wa FitzGerald huenda Khayyam asingalisomwa Tanga. Lakini uhuru si kosa. Kosa ni kuuficha. Fundi akikushonea kanzu kwa kitambaa chako na chake, hana lawama akikuambia. Akinyamaza amekudanganya, hata kama kanzu imekupendeza.

Kwa hiyo mfasiri ana wadai watatu. Mtunzi anamdai asitiwe kinywani imani asiyokuwa nayo, wala asinyang'anywe aliyokuwa nayo. Msomaji anamdai aambiwe wazi palipoongezwa na palipopunguzwa. Nafsi yake inamdai ukweli, hata anapofasiri mawazo asiyoyaamini. Maana kufikisha shaka ya mtu mwingine si kuikiri.

Nawe msomaji una deni lako. Usimhukumu mtu, hai au maiti, kuwa mcha Mungu au kafiri kwa ushahidi wa tafsiri moja. Uliza kwanza ni nani aliyeyachukua maneno yake, na yalipita katika mikono mingapi kabla ya kukufikia.