Blanketi Likiwa Dogo

Maandiko: Isaya 28:20, Marko 2:21, Matendo 6:1-7



Isaya anataja kitanda kifupi ambacho mtu hawezi kujinyoosha, na blanketi jembamba lisiloweza kumfunika. Alikuwa akiwaonya watawala wa Yerusalemu kwamba mpango waliojitungia hautawasitiri. Sisi wa Ruiri tunalielewa hilo neno, hasa usiku wa Julai. Ukivuta upande wako, mwenzako anabaki wazi. Mkivutana, hakuna anayelala.

Nilipoenda chuo, mama yangu alinishonea blanketi la viraka: vipande vya leso na vitenge juu, pamba katikati, bitana nyuma. Lilikuwa la mtu mmoja. Nilipooa, halikutosha. Nikamwambia, "Mama, niongezee tu kipande hapo pembeni." Akacheka. "Hapana, kijana wangu. Nikishona juu ya upindo patakuwa na tuta, na haitakaa vizuri. Kwanza nifumue."

Akafumua upindo pande zote nne. Akafua kitambaa kipya kabla ya kukikata, kisije kikarudi baadaye na kuvuta kile cha zamani. Akaweka pamba ya unene ule ule. Akaongeza kila upande, ili katikati ibaki katikati. Mwisho akazungusha upindo mpya, mrefu kuliko wa kwanza.

Hata Yesu, alipoulizwa habari za kufunga, alitaja kiraka kipya kinachorarua vazi kuukuu. Kuongeza kuna utaratibu wake.

Sasa niseme ukweli wangu. Ni mimi niliyependekeza tufunge daftari la kikundi chetu cha kusaidiana wakati wa msiba. Nilisomea biashara, nikapiga hesabu: wageni wakiingia wengi kabla michango yao haijafika mbali, mfuko utaisha. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini mwezi uliopita mama mmoja aliyejiunga nasi juzi juzi alimzika mtoto wake, na kutoka kwa kikundi hakupata kitu, kwa sababu jina lake halimo. Tuliimba vizuri sana siku hiyo. Mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Someni Matendo 6. Wanafunzi waliongezeka, na wajane wa wale wasemao Kigiriki wakawa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kanisa limejaa. Hawakuwanyang'anya wajane Waebrania ili wawape wengine. Waliliambia kanisa lichague watu saba. Na angalieni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki! Sindano ilikabidhiwa upande uliokuwa na baridi. Mstari wa 7 unatuambia neno la Mungu likaenea.

Basi nawaomba mambo matatu.

Kwanza, tufumue upindo. Daftari lifunguliwe, na katika kamati wawepo watu waliojiunga hivi karibuni.

Pili, tufue kitambaa. Kila mgeni apewe mwenyeji wa kutembea naye, aelezwe mchango ni nini na wa nini, aanze kutoa mapema.

Tatu, unene uwe ule ule. Akishaingia, msiba wake usipimwe kwa miaka aliyokaa nasi.

Sitawadanganya, itagharimu. Mchango utapanda kidogo, na hesabu nimeshaipeleka kwa wazee. Lakini hebu jiulize: blanketi unalojifunika leo, si kuna mtu aliyekufumulia upindo ulipofika hapa mara ya kwanza?

Wiki hii naenda kwa yule mama kuomba msamaha. Anayetaka kuandamana nami, anione baada ya ibada. Tusiende mikono mitupu.

Ee Bwana, tupe moyo wa kufumua, na mikono ya kushona tena. Amina.