Ziwa Lililozaliwa kwa Makosa

Tulipokuwa tunaishi Githurai, ploti yetu ilikuwa na mfereji mmoja uani, na huo mfereji ulikuwa unavuja. Si kuvuja kwa kutisha. Tone, tone, mchana kutwa na usiku kucha, maji yakifuata ufa wa saruji hadi kwenye kipande cha udongo kando ya ukuta. Hapo ndipo Mama Shiro wa chumba cha kwanza alipanda sukuma wiki. Hakuwahi kuimwagilia. Mfereji ulimfanyia kazi hiyo. Na ikifika zile tarehe za mwezi ambazo kila mtu ananyamaza, alikuwa anatugawia majani, leo chumba hiki, kesho kile.

Bili ya maji ilipopanda, tulilalamika kwenye grupu ya WhatsApp. Fundi akaja, akabadilisha washa, dakika kumi kazi imeisha. Baada ya wiki tatu hapakuwa na sukuma. Ukiniuliza nani alikosea, sina jibu. Mwenye ploti alirekebisha mfereji mbovu, wapangaji walikataa kulipia maji yanayomwagika, fundi alifanya kazi yake vizuri. Kila mtu alifanya jambo ambalo tumefundishwa kuliita jema, na kitu kikafa.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya ziwa moja huko California, Marekani, linaloitwa Salton Sea. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa miezi kadhaa sasa, kiasi kwamba marafiki zangu wameanza kuniuliza kama nina shamba huko. Sina. Lakini ndilo mfano mkubwa zaidi ninaoujua wa sukuma ya Mama Shiro.

Ziwa hili lilianza kwa ajali. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni moja ilikuwa inatoa maji kwenye Mto Colorado kupeleka jangwani kwenye mashamba ya Bonde la Imperial. (Sisi Nairobi tunaita bomba mfereji, kule mfereji ni mfereji kweli, mtaro wa kubeba nusu ya mto.) Matope yalipoziba njia, kampuni ikatoboa ukingo wa mto upande wa Mexico bila kuweka lango la maana. Mwaka 1905 mafuriko yalikuja, tundu likapanuka, na karibu mto wote ukageuka na kuanza kumiminika kwenye shimo kubwa lililo chini ya usawa wa bahari. Uliendelea hivyo kwa takriban miaka miwili. Kiwanda cha chumvi kilichokuwa chini ya bonde kilizama. Februari 1907 kampuni ya reli ndiyo iliyofaulu kuziba, kwa kumwaga mawe kutoka kwenye mabehewa, gari moshi baada ya gari moshi. Mto ukarudi njia yake, lakini maji yaliyokwisha kuingia yakabaki pale, na hilo ndilo ziwa kubwa zaidi California kwa eneo.

Ziwa lisilo na mto wa kuliingiza maji jangwani hukauka, na hili lingekauka zamani. Lililoliweka hai ni uzembe. Mashamba ya Imperial yalikuwa yanamwagiliwa kupita kiasi, na maji ya ziada, yakiwa na chumvi na mbolea, yalikuwa yanateremka hadi ziwani. Ziwa halina mlango wa kutokea. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, na leo maji yake yana chumvi takriban mara mbili ya bahari. Hata hivyo viumbe walikuja. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeonekana pale, wengi wakiwa safarini, kwa sababu maeneo mengine yenye maji California yamekwisha kugeuzwa mashamba na miji. Samaki waliletwa, wakiwemo tilapia wenye asili ya huku kwetu Afrika, wakazaana ajabu. Halafu wakaanza kufa. Siku moja ya Agosti 1999 walikufa samaki zaidi ya milioni saba.

Sasa sikia sehemu inayoninyima usingizi. Miaka ya themanini mkulima mmoja alilalamika kwamba ziwa linapanda na kufunika shamba lake. Mwaka 1984 bodi ya maji ya jimbo ikaamua kwamba wilaya ya umwagiliaji ya Imperial inapoteza maji. Kupoteza. Hilo ndilo neno la kisheria la kile kilichokuwa kinalisha ziwa. Baadaye, Oktoba 2003, chini ya shinikizo kubwa la serikali ya Marekani, wakurugenzi wa wilaya hiyo walipiga kura tatu kwa mbili kukubali mkataba: watumie maji vizuri zaidi, na kile watakachookoa wauziwe watu wa San Diego. Kiasi hicho kiliongezwa kidogo kidogo hadi kufikia maji ya kufunika ekari 200,000 kwa kimo cha futi moja, kila mwaka.

Kila mtu alijua maana yake kwa ziwa. Ndiyo maana mkataba uliweka kwamba kwa miaka 15 maji fulani yataendelea kupelekwa kule, na baadhi ya mashamba yaliachwa bila kulimwa ili maji hayo yapatikane. Miaka hiyo iliisha mwisho wa 2017. Toka hapo maji yanarudi nyuma kwa kasi, na sakafu ya ziwa inabaki wazi, vumbi jepesi lililobeba masalio ya karne nzima ya kilimo. Upepo ukivuma linaingia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba, wengi wao wenye asili ya Mexico. Imperial ni mojawapo ya kaunti za California ambako watoto hukimbizwa hospitalini kwa pumu mara nyingi zaidi.

Nani alaumiwe? Jaribu. Mkulima anayetumia matone badala ya kufurika shamba? Huyo tumempa sifa kwenye kila kitabu cha kilimo. Mtu wa San Diego anayeoga? Bodi iliyokemea upotevu? Ukigawa lawama kwa watu wote hawa, kila mmoja anapata kipande chepesi sana, hata hakimsumbui akilala. Na mtoto wa Imperial anapata vumbi lote zima, bila kugawana na mtu.

Wapo wanaosema liachwe life. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema: ziwa hili ni bomba lililopasuka, halikupangwa na mtu, limelishwa kwa maji machafu, na kulirudisha kunataka mabilioni. Mwaka 2007 serikali ya jimbo ilitoa mpango wa karibu dola bilioni 9, na bunge la jimbo halikuutengea pesa hizo. Kwa nini ulipie kosa mara mbili?

Nikisoma hoja hiyo huwa nakumbuka Kifungu cha 53 cha katiba yetu ya 2010, kile kinachosema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Najua ziwa si mtoto. Lakini angalia mantiki yake. Sheria haiulizi kama mtoto alipangwa. Haiulizi ilikuwa bahati mbaya, ama usiku mmoja, ama mmoja alidanganywa. Inauliza: yupo? Basi alelewe. Mtaani tunasema mtoto hakuomba kuzaliwa, na tunasema hivyo hasa kwa yule baba anayejitetea kwamba hakukusudia. Kutokukusudia kunaweza kukupunguzia aibu, lakini karo ya shule haipungui.

Na hata hilo neno ajali silikubali moja kwa moja. Wacahuilla, wenyeji asilia wa bonde lile, wana kumbukumbu za ziwa kubwa zaidi lililokuwa hapo kabla. Mto Colorado uliwahi kugeuka na kujaza shimo lile mara nyingi, kisha ukaondoka, maji yakakauka. Mitego ya samaki ya mawe bado inaonekana kwenye miinuko, mbali na maji ya leo. Yaani kile ambacho kampuni iliita ajali, mto ulikuwa umekizoea. Tofauti ni kwamba zamani ziwa likikauka hapa, mto ulikuwa na mabwawa na madimbwi mengine ya kupokea ndege. Sasa mto wote una wenyewe, tone kwa tone, kwa karatasi.

Mwaka 1993 serikali za mtaa ziliunda kitu kinaitwa Salton Sea Authority. Ndani yake kuna kaunti mbili, Riverside upande wa kaskazini na Imperial kusini, na wilaya mbili za maji, ya Imperial na ya Coachella. Mwaka 2002 taifa la Torres Martinez Desert Cahuilla likajiunga. Watano kwenye meza moja, na hawataki kitu kimoja. Riverside inaota ziwa dogo la kaskazini la kuvutia wageni. Imperial inaangalia joto la ardhini na madini ya lithiamu yaliyo chini ya ncha ya kusini. Wilaya ya Imperial ina haki ya maji mengi kuliko mtumiaji mwingine yeyote wa Mto Colorado, na ndiyo iliyouza.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, tunajua. Na sisi tunaoishi chini ya kaunti 47 tunaijua pia mikutano ya ushirikiano: hoteli ya Naivasha, mabango, magavana wamevaa fulana zinazofanana, azimio lisilo na bajeti. Kwa hivyo nilianza kusoma habari za hii mamlaka nikiwa nimeshakunja uso. Chombo hiki hakina maji yake. Kwa miaka mingi hakikuwa na pesa za maana. Kwa mkataba wa 2003 mzigo mkubwa wa gharama za kurekebisha madhara ulikwenda kwa serikali ya jimbo, na jimbo likachelewa, likachelewa tena.

Lakini kuna jambo moja nimelazimika kulikubali. Kabla ya meza ile, ziwa halikuwa na mtu wa kuulizwa. Kila mmoja wa wale watano angeweza kusema, kwa ukweli kabisa, kwamba suala hilo si lake. Ukishakaa kwenye bodi yenye jina la ziwa, huwezi tena kusema hivyo bila watu kukuangalia. Lawama iliyokuwa imesambaa hewani kama lile vumbi inapata anwani, inapata ajenda, inapata tarehe ya kikao kijacho. Ni kidogo. Sijui kama kuna njia nyingine ya wengi kuanza kuwajibika pamoja.

Angalia mwaka 2019. Majimbo yanayotegemea Mto Colorado yalikuwa yanatia sahihi mpango wa ukame. Wilaya ya umwagiliaji ya Imperial ikasema haitii mpaka ziwa litengewe dola milioni 200. Wenzake wakaendelea bila yake. Unaweza kucheka: si ni hawa waliouza maji? Ndio hao. Unafiki? Labda. Ila mimi sijali sana usafi wa moyo wa mwenye deni akianza kulipa. Mwaka huohuo kaunti ya Imperial ikatangaza hali ya dharura kwa sababu ya vumbi.

Novemba 2022 serikali ya Marekani iliahidi dola milioni 250 kwa ajili ya ziwa, na ahadi hiyo ikafungwa pamoja na sharti kwamba maji zaidi ya Mto Colorado yaokolewe. Soma tena. Pesa za kuliokoa ziwa zilikuja zimeshikana mkono na kulinyima ziwa maji. Mto wenyewe unakauka, hiyo ni kweli, na hakuna maji ya kurudisha ziwa lilivyokuwa. Kwa hivyo kinachojengwa si ziwa. Mpango wa miaka kumi wa jimbo, ulioanza 2018, unalenga karibu ekari 30,000 tu za sakafu iliyo wazi: nusu madimbwi ya samaki na ndege, nusu kazi ya kutuliza vumbi. Mradi mkubwa wa kwanza, zaidi ya ekari 4,000 karibu na pale New River inapoingia ziwani, ulianza kujengwa 2021. Sehemu nyingine itaachwa ikauke, na ni hapo ndipo maadili yanapoacha kuwa maneno. Mtu anakaa na ramani na kuamua ni kijiji kipi kipate dimbwi, na kipi kipate marobota ya nyasi kavu ya kuzuia upepo.

Katika wale watano, ninaowafikiria zaidi ni Watorres Martinez. Ajali ya 1905 ilifunika maelfu ya ekari za ardhi yao. Sheria ya kuwafidia ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000. Sasa maji yanarudi nyuma na ardhi yao inatokea tena, nyeupe kwa chumvi. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kusema ziwa hili likauke likaishe, ni wao. Lakini miaka miwili baada ya ile sheria walijiunga na meza, na kwenye ardhi yao wamejenga madimbwi ya ndege. Sijui walisemezana nini wao kwa wao kabla ya kuamua. Ningetoa kitu kikubwa kuwa kwenye kile chumba.

Sikuwahi kumwambia Mama Shiro kwamba meseji ya kwanza kuhusu mfereji, kwenye ile grupu, ilikuwa yangu. Alianza kununua sukuma kibandani, ya ishirini, kama sisi wote. Ile ardhi kando ya ukuta iligeuka vumbi, na watoto wake ndio walikuwa wanachezea hapo.