Kofia ya George Fletcher: haki au hisani?

Ken Kesey na Ken Babbs walitoa riwaya yao Last Go Round mwaka 1994. Riwaya ni ya kubuni, ila tukio lililo chini yake ni la kweli, na limenipa swali ambalo bado nahangaika nalo.

Ni mwaka 1911, Pendleton, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani. Rodeo yao ina mwaka wa pili tu. Fainali ya kupanda farasi wakorofi, wale wanaoruka na kujipinda mpaka mtu atue chini, imebakiza watatu: John Spain, Mzungu, Jackson Sundown, wa kabila la Nez Perce, na George Fletcher, Mweusi. Fletcher akapanda, watazamaji wakapagawa. Waamuzi wakampa Spain ushindi.

Uwanja ukalalamika. Ndipo sherifu, Til Taylor, akaichukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vipande, akawauzia watazamaji. Pesa akapewa Fletcher.

Hadithi tamu, sivyo? Watu wengi huisimulia kama ushindi wa utu. Lakini hebu tujiulize: alichopewa kilikuwa haki au hisani? Haki hudaiwa, hisani hushukuriwa. Ukinipa msaada, nakwambia asante. Ukinirudishia changu, asante ya nini? Halafu kuna jambo dogo linalonisumbua: kofia ilikuwa ya nani? Yake mwenyewe! Yaani ili afidiwe, ilibidi apoteze na kofia.

Najua mtu atasema, sasa sherifu angefanya nini, na waamuzi walishaamua? Kweli. Uwanja ulionyamaza ungekuwa mbaya zaidi. Wale watu walitoa pesa zao mfukoni kusema hapana, tena hadharani, na hilo silidharau. Ila waliondoka na kipande cha kofia na dhamiri iliyotulia, huku katiba ya Oregon ikiwa bado na kifungu cha kuwakataza watu Weusi kuishi humo. Sheria za taifa zilikuwa zimeshakiondolea nguvu, lakini maneno yenyewe yalifutwa mwaka 1926 tu. Hisani ilimaliza hasira ambayo pengine ingeulizia haki.

Na Spain je? Alikuwa mpandaji hodari. Inawezekana kabisa kwamba waamuzi walikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hatuwezi kujua. Mahali ambapo Mweusi ameandikwa kwenye katiba kama mtu asiyetakiwa, hata uamuzi sahihi hauaminiki. Kwa hiyo ubaguzi ulimwibia na mshindi: zaidi ya miaka mia baadaye, jina la Spain bado linatajwa kwa shaka, na kosa huenda si lake.

Sundown alirudi akatwaa ubingwa mwaka 1916, akiwa na miaka 53. Fletcher hakuupata kamwe. Siku hizi sanamu yake imesimama Pendleton. Kazi yangu ya uandishi wa habari imenifundisha kwamba kinachobaki ni matokeo yaliyoandikwa, na ya 1911 bado yanasomeka vilevile.

Sisi tuna methali: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haisemi mchangieni.