Usafi wa munkoyo

Mjini Lubumbashi, anayepika munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa, huchemsha uji wa mahindi, huuacha upoe, kisha hutia mizizi iliyopondwa. Mizizi yenyewe haichemshwi: moto ungeharibu vimeng'enya vinavyolainisha wanga.

Basi usafi ni nini, ikiwa vijidudu visivyoonekana ndivyo vinavyochachusha kinywaji? Mwaka 1857 Louis Pasteur alieleza kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mpishi, basi, hafukuzi uhai wote. Anachagua nani aingie. Bidoni la kuwekea munkoyo, likiwa na masalio ya juzi, huingiza wengine asiowachagua.

Kuna usafi wa aina nyingine pia: katika Mathayo 15, Yesu anafundisha kwamba kula bila kunawa hakumtii mtu unajisi. Hayo yahusu moyo. Lakini mnunuzi hawezi kuchungulia ndani ya bidoni, na ndiyo maana kulisugua kwa maji ya moto ni deni la mpishi kwake.