Njia ya Jinja Iliachwa Wazi

Somo: 2 Wafalme 6:8–24

Elisha hakuwa mtu wa kushindana naye. Kila mara mfalme wa Shamu alipopanga kuvizia, habari zilimfikia mfalme wa Israeli kabla askari hawajafika mafichoni. Jeshi lililotumwa Dothani kumkamata lilipigwa upofu, na nabii mwenyewe akaliongoza hadi katikati ya Samaria. Walipofumbuliwa macho, wamo mikononi mwa adui. Mfalme, kwa pupa, akauliza mara mbili kama awapige. Elisha akakataa: hata mateka wa upanga wako huwaui, sembuse hawa uliokabidhiwa tu. Wakaandaliwa karamu, wakaenda zao.

Sisi wa Kampala tuna ramani ya kuisomea habari hii. Aprili 1979, Entebbe ilipokwisha kuanguka, majeshi ya Tanzania chini ya David Musuguri, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga mtawala wao Idi Amin, yaliukaribia mji kutoka kusini, magharibi na kaskazini. Mashariki, barabara ya Jinja, hawakuiziba, na wala si kwamba walisahau. Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, hakutaka askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin waangamizwe humu, Afrika ikabaki na uhasama usioponyeka. Alitaka wapate pa kutokea. Tarehe 11 mji ukaanguka.

Naupenda uamuzi ule, ila sitaupaka sukari. Njia waliyotokea Walibya, askari wa Amin nao waliitumia, na wananchi wa huko walikokimbilia wakaona cha moto. Mapigano hayakuisha hadi Juni. Biblia nayo haifichi. Aya ya 23 inasema vikosi vya Shamu havikuja tena. Aya ya 24, Ben-hadadi amekusanya jeshi lake lote, ameuzingira mji wa Samaria. Wahubiri wengi huishia ya 23, na ninaelewa kwa nini.

Basi karamu ile haikuwa mbinu nyingine ya vita, wala Elisha hakumwahidi mfalme kwamba italipa.

Kwetu sokoni Kikuubo, hapa Kampala, vita ni vya bei. Kumtangulia mwenzako kujua mzigo unafika lini, au kununua mapema kabla shilingi haijashuka, si dhambi. Elisha naye alitumia habari alizokuwa nazo. Kazi ipo baadaye. Kontena la jirani yako limekwama Mombasa, lako limefika, wateja wake wamehamia kwako, na mwisho wa mwezi mwenye jengo anataka kodi. Ukishusha bei wiki hii tu, anafunga duka. Ukimwachia katoni kadhaa kwa bei uliyonunulia, anapata cha kuweka kwenye rafu. Huenda akishasimama akakunyang'anya mteja wako mkubwa kabla ya Krismasi. Nabii hakuwa mgeni wa tabia za Shamu, na chakula kilipakuliwa.