Nani Atamsahihisha Mtafiti?

Kwa Wakurya, mtoto huzaliwa na irikora lake. Umri hauhusiki, hulipata kwa kufuata la baba yake, katika mzunguko unaopokezana kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa irikora moja na mzee mwenye mvi. Ukiliandika kwa Kiswahili, mkono unakimbilia “rika”, na rika ni watu wa umri mmoja. Ukivuka kwenda Kiingereza, unavuka na upotoshaji huo mgongoni.

Ninaandika tasnifu ya umahiri kuhusu masimulizi ya wazee wa Mugumu. Wao husimulia kwa Kikurya, Kingoreme, Kinata au Kiikoma. Mimi huandika daftarini kwa Kiswahili. Tasnifu itatoka kwa Kiingereza. Kila hatua inaongeza wasomaji wa mbali na kumpoteza mmoja, yule aliyesimulia. Babu mmoja, alipomaliza habari za malisho yaliyobaki ndani ya hifadhi, aliniuliza: “Sasa mjukuu wangu, nikitaka kujua umeandika nini, nimuulize nani?”

Wengi husema hili ni suala la heshima kwa lugha zetu. Mimi naona ni suala la ushahidi. Hata polisi, shahidi husomewa maelezo yake kabla ya kuweka saini. Makala ya kitaaluma hupelekwa kwa wahakiki wawili ambao pengine hawajafika hata Bunda. Watakagua nadharia na marejeo. Nani kati yao atasema, “Hapana, hilo si rika”?

Kuhamia Kiswahili peke yake hakutoshi. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum la Ujerumani, huchapisha makala kwa Kiswahili, nami najivunia. Lakini huku kwetu Kiswahili ni lugha ya shule na ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Nacho humeza lugha ndogo. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha historia zilizoandikwa na watu wa Mara Kusini wenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hatua kubwa. Ila mchapishaji ni Brill wa Leiden, na kitabu hicho sijakiona kikiuzwa Mugumu.

Kiambatisho changu kina kurasa kumi na nne za Kikurya. Nimeshauriwa niziondoe kwa sababu mtahini hatazielewa. Nimejibu kwamba sikumwandikia yeye. Uamuzi bado. Nakala moja nimempelekea babu. Mjukuu wake wa darasa la sita humsomea jioni.