Mgeni Pia ni Mtoto wa Mtu

Masomo: Walawi 19:33-34, Matendo ya Mitume 6:1-7

Kwa wale mliokosa ibada ya Jumapili, hili hapa neno kwa ufupi. Na nyinyi mliokuwepo, someni tena polepole, kwa sababu kuna mahali mlipiga makofi na mimi nilikuwa natubu.

Naam, naanza na toba. Wiki tatu zilizopita nilituma video kwenye grupu letu la WhatsApp. Ilionyesha barabara za Ulaya zimejaa wageni, na sauti ikisema kwamba watu wa dini nyingine wamevamia na Ukristo umekwisha huko. Mimi mchungaji wenu msaidizi nikaandika chini yake: tuombee Ulaya, wavamizi wameimaliza. Mkajibu Amina. Wengine mkaisambaza.

Jioni ile mama mmoja wa hapa kanisani akanipigia simu. Hakupandisha sauti. Akasema, "Pasta, nimeiangalia ile video mara mbili nikimtafuta mwanangu. Maana na yeye ni mmoja wa hao wavamizi."

Wapendwa, nilikosa la kusema.

Mwanawe alikulia hapa, kwenye madarasa yetu ya watoto. Sasa yuko Ujerumani, anahudumia wazee kwenye makao yao. Anawaogesha, anawalisha, anawashika mkono usiku wakiita majina ya watu waliokufa zamani. Alipofika hakuwa na pesa ya kodi. Aliyempokea ni kijana wa Kiislamu wa hapa hapa Mji wa Kale. Wanakaa nyumba moja mpaka leo. Mmoja akiswali, mwingine anapunguza sauti ya nyimbo zake. Siku moja walikuwa kituo cha basi, mtu akawafokea warudi kwao. Hakuuliza yupi anaenda kanisani na yupi anaenda msikitini. Kwake wote walikuwa kitu kimoja: wageni.

Mwambie jirani yako: mgeni pia ni mtoto wa mtu.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kukagua hesabu kabla ya kuiamini. Ile video sikuikagua. Tuikague leo.

Video inasema wageni ndio waliomaliza Ukristo Ulaya. Sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales ilionyesha kwamba waliojiita Wakristo wameshuka chini ya nusu kwa mara ya kwanza, asilimia 46.2. Waislamu walikuwa asilimia 6.5. Lakini waliosema hawana dini yoyote walikuwa asilimia 37.2. Sasa niambieni, ni nani aliyeondoka kwenye viti vya kanisa? Wengi wao ni watoto wa wenyeji wenyewe. Walitoka kwa miguu yao, hakuna aliyewafukuza. Na ukiingia kanisani London Jumapili, mara nyingi watakaokuwa wakiimba kwa nguvu ni Wanigeria, Waghana na watu wa kwetu. John Sentamu alikuwa mwanasheria Uganda, akaondoka wakati wa Idi Amin mwaka 1974. Mwaka 2005 akawa Askofu Mkuu wa York. Huyo tungemwandika wapi, upande wa wavamizi?

Tuendelee. Tunasahau haraka, lakini Mombasa tunaijua hadithi hii. Tembea kutoka hapa Kizingo mpaka Mji wa Kale. Utapita makanisa, misikiti na mahekalu ya Wahindi. Wahindi wamefanya biashara kwenye pwani hii kwa karne nyingi, na wengine walikuja wakati wa reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Waingereza waliwaambia: nyinyi ni raia wa himaya yetu. Wakapewa pasipoti. Baada ya uhuru wetu wengi walibaki nazo. Mwaka 1967 sheria zetu za uhamiaji na za leseni za biashara ziliwabana wasio raia wa Kenya, wakaanza kufunga mizigo kwenda Uingereza. Bunge la London likapitisha sheria kwa haraka, kwa siku chache tu, ikakamilika tarehe 1 Machi 1968. Pasipoti peke yake haikutosha tena kukupa haki ya kuingia. Ulihitaji uhusiano na nchi ile, kama mzazi au babu aliyezaliwa kule. Fikiria hayo. Unaambiwa miaka yote wewe ni wetu, halafu siku unapobisha hodi unaulizwa babu yako alizaliwa wapi. Na tusijitoe, maana mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa wa kwetu.

Mwaka 1972 Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Uingereza ilipokea kama watu 28,000. Baraza la mji wa Leicester likalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije mji wao. Walikwenda. Wakafungua maduka, wakasomesha watoto, na leo mji ule unajulikana kwa biashara zao na kwa sherehe yao ya Diwali. Na Oktoba 2022 Waziri Mkuu wa Uingereza akawa Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Usimwandike mtu kwenye safu ya hasara wakati Mungu hajafunga hesabu yake.

Tena, sisi wenyewe tulifikiwa na Injili vipi? Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa. Alikuwa Mjerumani, mgeni asiye na ndugu hapa. Mkononi alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani Mwislamu wa Zanzibar, akiwaagiza watu wake wampokee vizuri. Na miezi michache baadaye mke wake Rosina na mtoto wao mchanga walipofariki, walizikwa ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Mmisionari huyu alifika na barua ya Mwislamu, na ardhi yetu ikamzikia mke na mtoto. Leo kijana wetu yuko kwa Wajerumani, na aliyempa mahali pa kulala ni Mwislamu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haleluya?

Sasa mtu asitoke hapa akisema pasta amefundisha kwamba dini zote ni sawa. Sikusema hivyo. Yesu ni Bwana, na tutamhubiri Kizingo, Berlin na Leicester. Lakini Walawi 19 haimwamuru Mwisraeli ampende mgeni baada ya kumbadilisha. Inaamuru ampende kama nafsi yake, na sababu yake ni moja tu: walishawahi kuwa wageni Misri, wanajua ilivyo. Ukimchukia mtu huwezi kumhubiria. Utamtisha tu.

Twende Matendo 6, na hapa ndipo panaponiuma. Kanisa la kwanza lilikuwa moto, watu wakiongezeka kila siku, lakini wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kwenye mgao wa chakula. Kumbe unaweza kuwa na Roho Mtakatifu na bado orodha yako ikawaruka watu. Mitume hawakuwakemea waliolalamika. Wakaagiza wachaguliwe watu saba. Someni majina yao: yote saba ni ya Kiyunani, na mmoja, Nikolao, alikuwa mgeni aliyeongoka kutoka Antiokia. Yaani waliosahauliwa ndio waliokabidhiwa daftari.

Baada ya ile simu nilifungua daftari la mfuko wetu wa huruma. Fomu niliitunga mimi mwenyewe, na swali la kwanza ni namba ya kitambulisho cha taifa. Nikapitia maombi ya mwaka mzima. Tuna familia za Wakongo na Warundi zinazoabudu nasi. Wanaimba kwaya, wanafagia ukumbi huu Jumamosi. Hakuna hata moja iliyopata msaada. Sikuwakataa kwa mdomo. Niliwakataa kwa fomu. London ya mwaka 1968 iliuliza babu yako alizaliwa wapi, mimi nikauliza namba. Tofauti yetu iko wapi?

Kwa hiyo, wapendwa, Mchungaji wetu na wazee wamekubali mambo mawili. Swali lile limeondolewa. Badala yake, kiongozi wa kikundi chako cha nyumbani atathibitisha kwamba anakujua. Na kamati ya mfuko itaongezwa watu wawili, nao watatoka kwenye familia hizo. Ile video nimeifuta, lakini najua imeshafika mbali. Kama uliipokea kutoka kwangu ukaituma, nakuomba uwaandikie uliowatumia, kama nilivyofanya mimi. Inaaibisha. Fanya tu.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira. Watoto wetu zaidi watakwenda. Vile unavyotaka mwanao apokewe kule, mpokee hivyo wa mwenzako hapa.

Kazi ya wiki hii: mtafute mgeni mmoja, wa kanisani au jirani wa dini nyingine. Muulize jina la mama yake, kisha uliombee jina hilo nyumbani kwako.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa midomo yetu na kwa fomu zetu. Walinde watoto wetu walio mbali, na yule anayewapa mahali pa kulala umkumbuke. Utufundishe kufungua mlango. Katika jina la Yesu. Amina.